Mwaka Niliomfanya Kiplangat Mwogeleaji

Mwalimu wetu wa ngumbaru alizikwa karibu na Litein Ijumaa iliyopita, na mimi nililia kidogo nikala sana, maana ndivyo yeye mwenyewe angetaka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kusimamisha trekta, na katika miaka yote aliyotufundisha sisi wachuma chai kusoma na kuandika, hakuwahi kuanza somo bila kutuuliza kama tumeweka kitu tumboni. Kwa hiyo nilichukua sahani yangu ya wali na mbuzi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nikaanza kuwasimulia wanafunzi wenzangu wa zamani, wote sasa wenye mvi na miwani, jinsi Mwalimu alivyomfukuza mkaguzi wa elimu kwa kipande cha chaki mpaka mkaguzi akapanda juu ya mlingoti wa stima. Hakupanda mlingoti wowote. Alirudi tu kwenye gari lake akiwa amenuna. Lakini watu walicheka mpaka mchungaji akageuka kututazama, nami nikajisikia vizuri, kama ninavyojisikia kila mara watu wakicheka kwa sababu yangu. Nimekuwa hivyo tangu nijue kuongea. Nikila andazi moja nitakuambia nimemaliza beseni.

"Samahani. Wewe ndiye Nyaboke?"

Nikageuka. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka ishirini na kitu, sweta ya kijani, amebeba sahani ambayo hakuwa ameigusa.

"Ndiyo mimi, mrembo, mzima mzima. Vuta kiti."

"Naitwa Cherotich. Wa Kiplangat."

Kijiko changu kilibaki hewani. Alikuwa tumboni mara ya mwisho tulipokuwa karibu hivyo. Mama yake, Joyce, alihamia Sigor kabla ya kumzaa, na mimi sikuwahi kwenda kumwona, ingawa Sigor si mwezini.

"Mama miguu inamsumbua, hakuweza kuja," akasema. "Lakini aliniambia nikikupata nikusalimie sana. Anti, mimi sina picha ya baba hata moja. Kile niko nacho ni ile hadithi yako, vile alivuka mto na ndama kwa mabega. Nimekua nayo. Na sasa watoto wangu wawili, kila Jumapili tukitoka kanisani nawapeleka mtoni wajifunze kuogelea. Mama hukasirika, hasemi kwa nini, ananuna tu mpaka jioni. Mimi nawaambia watoto wasiogope, kuogelea iko kwa damu yao. Nataka niisikie kwa mdomo wako, wewe uliyeona na macho."

"Ngoja nimalize kipande hiki," nikasema.

Nikatia nyama mdomoni. Kwa kawaida mimi hutafuna kama mtu anayechelewa kazini, lakini kipande kile nilikitafuna mpaka hakikuwa na ladha yoyote, nikimtazama binti wa Kiplangat akiningoja, mikono juu ya magoti, na shingo ileile ndefu ya baba yake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, mchumaji katika shamba moja la chai juu ya Kimulot, pale chai inapoishia na msitu wa Mau unaanza ghafla, kana kwamba mtu amekata kwa rula. Tulikaa kwenye laini, vyumba vya mawe vilivyounganishwa kama mabehewa ya treni, na ukuta kati ya chumba na chumba haukufika kwenye mabati, kwa hiyo hakukuwa na siri iliyoweza kuishi pale zaidi ya dakika tano. Nilijua majirani wanakula nini kwa harufu na wanagombana nini kwa sauti. Chumba kilichofuata changu kilikuwa cha Kiplangat na Joyce. Kiplangat alikuwa mpogoaji, kazi ya kuikata michai kwa panga ili ichipuke upya, na alikuwa na mikono iliyokwaruzwa mpaka kwenye kiwiko na kicheko cha polepole kilichoanzia tumboni. Jioni Joyce alisonga kimyet, mimi upande wangu nikisonga obokima, kumbe ni ugali uleule wa unga uleule wa dukani, na tulikuwa tukipokezana mboga juu ya ukuta kama majirani wa ghorofani. "Nyaboke, shika sahani, lakini usiseme kesho eti nilikupa ng'ombe mzima," Joyce alikuwa akiniambia, na nikisikia Kiplangat akicheka huko chini, nilijua siku imeisha vizuri.

Darasa la ngumbaru lilikuwa kwenye chumba cha shule ya chekechea ya shamba, saa kumi na moja jioni baada ya kazi. Tulikaa kwenye viti vya watoto wa miaka minne, magoti yakigusa masikio, watu wazima wenye madole meusi kwa utomvu wa chai, tukizungukwa na picha za bata na A ya Ananasi. Mlangoni palikuwa na sufuria ya strungi, chai isiyo na maziwa, na wakati mwingine mahindi ya kuchemsha ambayo Mwalimu alibeba kutoka kwake. Mimi na Kiplangat tulishiriki benchi moja. Yeye aliandika taratibu, ulimi nje, akibonyeza penseli kana kwamba anapogoa daftari. Mimi nilikimbia. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, na hapo sitii chumvi, muulize yeyote aliyebaki.

Siku moja Mwalimu alituambia tuandike jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mimi nilikuwa nimemwona Kiplangat, wakati wa kiangazi, akimvusha ndama wa jirani kwenye mto wetu. Maji yalikuwa chini ya goti. Alimbeba kwa sababu ndama aliogopa mawe, akavuka hatua nane, basi. Lakini jambo hilo nilipoliandika liliisha mistari miwili, na ukurasa ulikuwa mkubwa. Nikaongeza maji. Nikaongeza mawimbi. Kiplangat akaogelea kwa mkono mmoja, ndama mabegani akilia. Niliposoma kwa sauti, darasa zima lilipiga makofi, ya kwanza kupigiwa maishani mwangu, na Mwalimu akasema, "Nyaboke, umeandika mpaka nimelowa." Nani angeacha hapo? Wiki iliyofuata, kwenye foleni ya mizani, ndama walikuwa wawili. Kabla ya mwezi kuisha shamba zima lilimwita Kiplangat "Samaki". Wapogoaji wenzake walimsalimia kwa kutikisa mikono kama mapezi. Alijaribu kukana mara mbili tatu, wakamwambia anajifanya mnyenyekevu. Kwenye benchi letu aliniinamia akanong'ona, "Wewe msichana, mimi maji yakifika kwa goti naanza kuomba." Nikamwambia asijali, Samaki ni jina zuri. Jioni hiyohiyo nikasikia juu ya ukuta Joyce akimuuliza, "Kwani wewe unajua kuogelea?" Sikusikia jibu. Nilisikia tu akicheka, na kicheko hicho kiliendelea kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Watu wanapofikiria mafuriko wanafikiria mvua. Siku ile jua lilikuwa linawaka. Nalisisitiza hili kwa sababu hata mimi, ninayeweza kukuambia nimeona chura wa ukubwa wa mbuzi, ningependa kuweka mawingu kidogo, na hayakuwapo. Tulikuwa tumemaliza kupima majani, saa nane hivi, watu wameketi kwenye nyasi za ukingo wa mto wakila mahindi. Kwanza ndege walinyamaza. Kisha tukasikia mlio kutoka juu msituni, kama lori linalopanda mlima kwa gia nzito na halifiki. Tukatazama barabara, hakuna lori. Hewa ikawa baridi, harufu ya udongo wa ndani sana, wa mahali ambapo jua halijafika. Halafu mto ukaja. Haukupanda taratibu; ulikuja kama ukuta wa rangi ya strungi iliyotiwa maziwa kidogo, wenye povu na majani ya miti ambayo haioti kwetu. Kati ya majani hayo ulipita mzinga wa gogo, ule ambao watu wa msituni hutundika juu ya miti, ukielea na kuzunguka polepole, na nyuki wake wakiufuata juu hewani, kundi zima, bila kuuacha. Watu mia mbili tuliuangalia ukipita. Tuliufuata kwa macho mpaka ulipopotea kwenye kona ya mto.

Ndipo tukamwona karani wa mizani. Alikuwa amevuka kwenda bloku ya chai ya ng'ambo na kitabu chake kikubwa, na alikuwa anarudi juu ya magogo mawili tuliyoyaita daraja. Magogo yalikuwa yameenda. Yeye alikuwa katikati ya mto juu ya mwamba bapa kama meza, viatu vikavu, amekumbatia kitabu kifuani. Maji yalizunguka mwamba pande zote, lakini juu hayakufika.

Kogo Tabutany, bibi aliyetuuzia chai pale mizani, aliweka birika chini akasema, "Hayo ni maji ya Mau. Mvua imenyesha huko, si hapa. Yatapita. Mwacheni akae, mpigieni stori tu."

"Kogo, wewe pika chai," nyapara wetu akamwambia. Nyapara alikuwa ameambiwa kwa redio kwamba gari la meneja liko njiani, na hakutaka meneja akute karani wake ameanikwa juu ya jiwe kama nguo. "Leteni kamba ya trela. Nani anajua maji?"

Hapo shamba zima likageuka kwa wakati mmoja. "Samaki! Samaki yuko wapi?"

Kiplangat alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwangu, hindi mkononi. Alicheka. Akatazama nyuso zile zote, kisha akanitazama mimi. "Nyaboke," akasema, si kwa sauti kubwa. "Waambie."

Nilijua aliniomba niseme nini. Nimeishi na hilo miaka hii yote: nilijua vizuri kabisa. Lakini watu mia mbili walikuwa wananitazama, midomo wazi, wakingoja, na mdomo wangu ukafanya kazi yake. Nikasema, "Ndama walikuwa wawili, na mmoja alikuwa mkubwa!"

Kicheko kilipasuka ukingo mzima. Kiplangat naye akacheka, akatikisa kichwa, akaweka hindi lake juu ya nyasi kwa uangalifu, kama mtu atakayerudi kulimalizia. Akavua shati. Alipopita mbele yangu alisema, "Leo umenimaliza," akitabasamu, na mimi nilikuwa bado nacheka.

Kamba ilikuwa ile nene ya kufungia magunia ya chai kwenye trela. Nyapara mwenyewe ndiye aliyeifunga kiunoni mwa Kiplangat, na alifunga fundo analolijua, lile la kumfungia fahali kwenye josho, ambalo kadiri mnyama anavyovuta ndivyo linavyokaza, na likilowa hata meno hayalifungui. Watu walimsifu kwa fundo hilo. Watu thelathini tukashika upande wa pili, wanaume kwa wanawake, mimi nikiwa wa tatu kutoka mbele. Hakuna aliyesimama chini kwenye kona kumngoja akibebwa. Hakuna aliyeuliza akitaka kufunguliwa atafanyaje. Tulikuwa wengi, kamba ilikuwa nene, na Samaki alikuwa Samaki.

Alipiga hatua tano. Maji yalipofika kiunoni miguu yake ilitoka chini yake, akaenda. Hakupiga kelele. Kamba ilikimbia mikononi mwetu ikachoma, kisha ikasimama ghafla, imenyooka kama chuma, imenasa kati ya mawe mawili hatua thelathini kutoka tulipokuwa, na mwisho wake ukaingia kwenye maji ya kahawia ambayo hayakuonyesha kitu. Na kamba ile ilikuwa hai. Sijui niseme vipi tofauti. Mtu akishika kamba ya ng'ombe anajua ng'ombe anafikiria nini. Na mimi mikononi mwangu nilimsikia Kiplangat. Alivuta. Si kama maji yanavyovuta, kwa kuendelea. Alivuta kama mtu anayebisha mlango.

Sauti ikapaa: "Anavuta! Yuko hai! Vuteni kwa nguvu!"

Tukavuta. Thelathini, kwa mdundo, kama kwenye mashindano ya Siku ya Wafanyakazi. Kamba ilikaza mpaka ikatoa maji kwa kujikamua. Mtu akapiga kelele kwamba tukate, na hapo ndipo kila mtu alipotazama mkono wake. Sisi ni watu wa panga. Kila mpogoaji pale alikuwa ameshika panga tangu alfajiri. Lakini shamba lilikuwa na sheria yake, iliyowekwa baada ya vurugu za mwaka fulani: saa nane panga zote zinarudi stoo, zinahesabiwa, mlango unafungwa. Na mwenye ufunguo alikuwa ameenda Litein sokoni. Watu mia mbili, na hakuna hata wembe. Mmoja alikimbia kuuvunja mlango wa stoo kwa mawe. Ulikuwa wa chuma. Mmoja aliinama akaanza kuitafuna kamba kwa meno, mtu mzima, machozi yakimtoka. Wengine tuliendelea kuvuta, kwa sababu kuacha kulionekana kama kumwacha. Baada ya muda kamba ikawa kamba tu.

Kogo Tabutany alikuwa amesema kweli. Saa kumi maji yalianza kushuka, kimya, haraka kama yalivyokuja, na jua bado likiwaka. Tulikuwa tumeketi ukingoni, kamba bado mikononi, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiachilia. Kwanza mawe mawili yalitokeza. Kisha kati yake zikatokea nywele. Halafu paji la uso. Maji yaliendelea kushuka na Kiplangat akaendelea kutokeza, mabega, kifua, taratibu, wima, kama mtu anayepanda ngazi kutoka chini ya ardhi, kamba imemshikilia kutoka mbele na mawe yamemshikilia kutoka nyuma. Macho yalikuwa yanatutazama. Maji yalipofika kwenye magoti yake yalisimama hapo, chini ya goti, kama kiangazi. Na karani wa mizani, ambaye hakuna aliyekuwa amemkumbuka kwa saa mbili, alishuka kwenye mwamba wake, akakunja suruali, akavuka kwa miguu. Alipita karibu na Kiplangat kiasi cha kuweza kumgusa. Kitabu kilikuwa kikavu. Alipofika kwetu alisema, "Nilikuwa nawaambia muache. Hamkunisikia?" Hatukuwa tumemsikia. Aliacha kazi wiki ile, na nasikia mpaka leo hawezi kulala kwenye nyumba yenye bomba linalodondoka.

Joyce alikuwa kliniki siku hiyo. Alifika mwenye ufunguo akiwa ameshafika, kamba imeshakatwa, mume wake amelazwa juu ya magunia na kipande cha kamba bado kiunoni, maana fundo lilikataa. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mizani.

Siku ya tatu walikuja watu wa kuandika maelezo. Nyapara akasema mwenye mwandiko mzuri ni Nyaboke, aandike kwa niaba ya wafanyakazi, kisha sote tuweke sahihi. Nikaandikia palepale darasani, kwenye meza ya watoto, Mwalimu amesimama nyuma yangu. Niliandika kwamba marehemu alikuwa mwogeleaji anayejulikana, kwamba mimi mwenyewe nilimwona akivuka mto huo na ndama, kwamba alijitolea, kwamba maji yalimshinda. Sikuandika fundo. Sikuandika stoo. Hakuna aliyeniambia nisiandike. Nyapara alikuwa amesimama dirishani tu akichezea kofia yake. Mwalimu alisahihisha herufi kubwa mahali pawili, kisha akauliza, "Hili la ndama ni kweli?" Nikasema, "Ni kweli, Mwalimu." Akaniwekea mkono begani. Karatasi ile ilimaliza maneno yote. Mtu anayejua kuogelea akizama, nani wa kulaumiwa? Kamba ilirudi kwenye trela Jumatatu. Walifunga kipande kilichokatwa kwa fundo jipya, na nilipokuwa nikipakia magunia yangu niliiona inadondosha maji, wiki nzima baadaye, wakati kila kitu kingine kilikuwa kimekauka. Nitakubali ukisema hilo naliongeza. Siliongezi.

Darasani hakuna aliyesogea kujaza nafasi kwenye benchi letu. Mwalimu, kwa mazoea, aliita jina lake kwenye rejista siku ya kwanza, na kila mmoja wetu, naamini, alikuwa akisikiliza. Nilimaliza masomo. Nilipata cheti, nikapata kazi ya karani kwenye kiwanda cha majani, nikaolewa, nikacheka na kuchekesha. Miaka mingi baadaye walituletea mafunzo ya huduma ya kwanza, ukumbi wa kiwanda, chai na mandazi, na mkufunzi, mwanamke kijana wa Bomet, akaeleza habari ya maji kana kwamba anaeleza jinsi ya kupika. Kwamba mtu haingizwi kwenye mto unaokimbia amefungwa kamba asiyoweza kuifungua mwenyewe kwa mkono mmoja. Kwamba kamba ikinasa, kuvuta dhidi ya maji kunamkandamiza mtu chini, na anachotaka ni ilegezwe, ili mto umtupe kwenye kona ambako watu wanamngoja. Kwamba mara nyingi kazi ya kwanza ni kungoja. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa natazama viganja vyangu, na andazi liko mbele yangu, na nilielewa Kiplangat alikuwa akibisha akiomba nini.

Kipande cha nyama kilikuwa kimeisha zamani. Cherotich alikuwa bado ananingoja.

"Baba yako hakujua kuogelea," nikasema.

Nilimwambia. Nilimwambia hatua nane na maji chini ya goti. Nilimwambia kuhusu daftari, makofi, na neno alilosema akiniomba, na nilichojibu. Fundo, stoo, kona isiyokuwa na mtu. Karatasi niliyoandika. Wanafunzi wenzangu walikuwa wameacha kula. Nilipofika kwenye kamba, alinishika mkono, si kwa upole.

"Nani alisema vuteni?"

"Ni mimi."

Aliuachilia mkono wangu. Alitazama mbele, kule watu walikokuwa wakipanga maua. Kisha akatoa simu, akapiga. "Mama? Jumapili watoto hawaendi mtoni. ... Hapana, hakuna mtu ameumia. Niko na Nyaboke." Akaeleza kwa Kipsigis, maneno machache, na nikasikia neno la kamba katikati. Akasikiliza. Akaninyooshea simu bila kunitazama. "Anakutaka wewe."

Nilisimama nikatoka nje ya hema. Sikuwa nimesikia sauti ya Joyce tangu ile ya juu ya ukuta.

"Joyce, ni mimi. Nilidanganya. Kiplangat hakujua—"

"Kuogelea? Hiyo najua, Nyaboke. Nilikuwa mke wake, nitakosaje kujua? Mtoto aliuliza baba alikuwa mtu gani, nikampa ile hadithi, kwa sababu hiyo ndiyo ilibaki kwa nyumba. Nilikuwa nangoja siku moja uje uitoe mwenyewe." Akapumua. "Lakini hakuna mtu aliwahi kuniambia alivuta kamba. Waliniambia alienda mara moja, hakusikia kitu. Alivuta mara ngapi?"

Nyuma yangu walikuwa wameanza kuimba. Nilifunga macho, nikakunja viganja, nikahesabu, na nilipofika mwisho nikahesabu tena, nisije nikakosea hata moja.

"Tatu," nikasema. "Zilikuwa tatu."